Mama Anasema Vizimba Ndivyo Vilivyonisomesha

Asalaam aleikum, Shangazi.

Mimi ni binti wa miaka 22, mzaliwa wa Busia upande wa Uganda, nasoma mwaka wa tatu katika chuo kimoja Kampala. Mambo kama haya kwetu huelezwa ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba, lakini ssenga wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipigia simu na kuniita mtoto asiye na fadhila. Nimebaki na wewe.

Mama anafuga kuku wa mayai. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu hapo tumelelewa na yai. Mwanzoni alikuwa akinunua mayai ya watu na kuvuka nayo mpaka kwenda kuyauza upande wa Kenya. Mwaka 2017 Kenya ilipozuia kuku na mayai ya Uganda kwa sababu ya mafua ya ndege, mzigo ulimharibikia mikononi, na nusura tuache shule sote watatu. Alijikongoja mpaka akasimama. Miaka miwili iliyopita alikopa kwenye chama cha akiba na mikopo akanunua vizimba vitatu vya waya, vile vya ghorofa, kila kimoja cha kuku 128. Kwa hiyo ana kuku 384. Waliopo sasa walianza kutaga Juni iliyopita.

Mwaka jana nilijiunga na kikundi cha vijana wanaotetea haki za mifugo. Kilichonipeleka huko ni kitu kidogo. Nilikuwa kwenye kituo cha basi, nikaona kuku wamefungwa miguu, wananing'inia vichwa chini kwenye usukani wa boda boda, midomo wazi, na dereva ameegesha juani anasubiri abiria. Mambo hayo nimeyatazama tangu utotoni, Shangazi. Siku ile ndipo nilipoyaona.

Likizo ya Desemba nilikwenda nyumbani, nikaingia bandani kukusanya mayai kama ilivyo kazi yangu kila likizo. Nilishindwa. Kulikuwa na kuku aliyechubuka shingo yote kwa kuisugua kwenye waya kila anapokula. Mwingine ukucha wake ulikuwa umenasa chini. Hakuna hata mmoja aliyeweza kukunjua mabawa. Nikatoa simu nikarekodi. Uso wa Mama haukutokea, ila sauti yake inasikika akiniambia nirudishe mlango, upepo unaingia. Usiku huohuo niliituma kikundini, wenzangu wakaipandisha mtandaoni na maneno kwamba haya ndiyo mateso yaliyomo ndani ya yai unalokula.

Haikupita wiki ikafika Busia. Watu waliujua mlango wa buluu, wakaijua na sauti. Shule ya bweni iliyokuwa ikichukua trei 20 kila wiki imeacha. Kuna mtu alimwita Mama mtesaji katikati ya soko.

Mama hakunigombeza. Aliniambia kwenye simu, "Vizimba hivyo ndivyo vilivyokupeleka Kampala," akakata. Mpaka leo hapokei. Kaka yangu anasema nimenunuliwa na wazungu, na sijawahi kupewa hata shilingi. Nauli ya kwenda mikutanoni natoa mfukoni mwangu.

Nilipoomba video iondolewe, wenzangu walisema nikifanya hivyo nimewasaliti kuku kwa ajili ya aibu ya nyumbani. Tena sasa wana mpango wa kupeleka kuku hai ndani ya vizimba hadi lango la Bunge, na wanataka mimi ndiye nizungumze kwa kuwa nimekulia humo.

Shangazi, nikiwaza kuhusu kuku sioni kosa langu. Na nikimwaza Mama, simwoni mkatili. Niiondoe video? Niende Bungeni? Na Idi ya kuchinja hiyo inakuja. Siku hizi sili nyama wala mayai. Nitakaaje kwenye mkeka wa Mama?

Binti wa Busia


Waaleikum salaam, mwanangu.

Nilipofika kwenye ule usukani wa boda boda niliiweka barua yako chini kwanza. Marehemu mume wangu alikuwa akisafirisha ng'ombe kwa lori, kutoka minada ya kaskazini mashariki mpaka machinjioni Kampala. Nilifuatana naye safari moja tu. Ng'ombe akichoka akalala ndani ya lori, wenzake humkanyaga, kwa hiyo utingo hupanda juu na kumkunja mkia mpaka ainuke. Ule mlio niliusikia usiku kucha. Sikusema neno. Kitenge nilichovaa kilinunuliwa kwa fedha ya safari iliyotangulia, nami nilijua. Wewe ulipoona ulisema, na kwa hilo umenizidi.

Kwa hiyo nianze na kuku. Mwache tetea uani bila kumfundisha lolote, utamwona akitafuta pembe iliyojificha kabla ya kutaga, akijirusharusha kwenye vumbi apate kujisafisha, na jua likizama akipanda juu ya kitu alale. Ndani ya kizimba cha waya hana hata moja katika hayo matatu. Vizimba vya jinsi hii huko Ulaya vilitakiwa kumpa kila kuku sentimita za mraba 550, ambazo hazifiki karatasi moja ya fotokopi, na hata hivyo nchi za Umoja wa Ulaya zikavipiga marufuku kuanzia Januari 2012. Linaloniuma ni kwamba wakati wenzetu waling'oa vizimba, sisi tunauziwa vya namna ileile tukiambiwa ndio ufugaji wa kisasa, na mjane wa Busia anakwenda kukopa ili asibaki nyuma. Mama yako hakukibuni kizimba. Aliuziwa, tena kwa riba.

Sasa sikiliza sehemu itakayokuchoma. Hiyo sheria ya Ulaya ilipitishwa mwaka 1999. Kutoka 1999 hadi 2012 ni zaidi ya miaka 12, na wafugaji walipewa muda huo wote wamalize madeni, wachakaze vifaa walivyonunua, wajenge mabanda mengine. Hao ni wafugaji wenye benki na ruzuku. Wewe ulimpa mama yako usiku mmoja. Tena hukumpa kwa kumwambia. Aliupata kutoka kwa watu wa sokoni. Ulikuwa naye nyumba moja, mnakula pamoja, na ukaieleza dunia jambo ambalo hukumweleza yeye. Kosa lako liko hapo. Usilitafute kwingine, na usikubali mtu akwambie liko kwenye kuwahurumia kuku.

Video iondoke. Wenzako wanadhani wewe na kuku mko upande mmoja na mama yako yuko upande wa pili. Hebu tupige hesabu pamoja. Kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 384 wanataka karibu kilo 46 za chakula, kila siku, iwe mayai yameuzwa au hayakuuzwa. Trei 20 kwa wiki ni mayai 600. Sijui kundi la mama yako linatoa mangapi, ila likitoa 300 kwa siku, ambayo ni mengi, basi shule ile peke yake ilikuwa ikinunua zaidi ya robo. Fedha hiyo imekatika. Shule haikuacha kulisha wanafunzi mayai. Imehamia kwa mfugaji mwingine, na hakuna aliyeuliza huyo anafuga vipi. Kuku wako wamebaki palepale ndani ya waya, na anayewalisha sasa ana fedha pungufu. Chakula kikipunguzwa kuku hudonoana, na waliobanwa hawana pa kukimbilia. Unapowaambia wenzako waifute, waeleze hivyo: waliomo kwenye picha ndio wanaoumia kwa hiyo picha.

Halafu sauti ni ya mtu. Marekebisho ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta yaliyopitishwa 2022 yaliweka adhabu kwa anayemrekodi mwenzake bila idhini na kusambaza habari zake. Najua mama yako hatakushtaki. Lakini kikundi kinachokwenda kurekodi mabanda ya watu kinahitaji kulijua hilo kabla hakijakutana na mfugaji asiyekuzaa.

Kuhusu Bunge. Huenda ulikuwa mdogo mwaka 2014, vijana walipowaingiza nguruwe wawili waliopakwa rangi ya manjano katika eneo la Bunge kulalamikia ukosefu wa ajira na ulafi wa viongozi. Nchi nzima ilizungumza. Ilizungumza juu ya ajira, juu ya wabunge, juu ya askari waliolala mlangoni. Nguruwe wenyewe hawakuwa hoja ya mtu. Walikuwa mabango yenye miguu. Vijana wale angalau hawakudai kwamba wamekuja kwa ajili ya nguruwe. Ninyi mnadai. Kuku hatoki jasho. Akizidiwa na joto hufungua mdomo na kuhema, kama wale uliowaona kituoni. Mkimbeba kutoka bandani, mkamweka juani Barabara ya Bunge katikati ya magari na kelele, mkangoja wapiga picha, mtakuwa mmemfanyia lilelile mlilokwenda kulipinga.

Kama ni lazima kwenda, nendeni na kizimba kitupu. Wekeni ndani yake karatasi moja ya fotokopi na muandike chini kwamba hapo ndipo anapoishi kuku mmoja. Wapelekeeni polisi taarifa mapema, kwa maana mikusanyiko nchini ina sheria yake ya mwaka 2013 na haina huruma na wanafunzi. Na wewe binafsi usikubali kuwa msemaji kabla mama yako hajakwambia sema.

Lakini niwe mkweli, mimi Bunge silioni kuwa mahali pa kuanzia. Uganda inayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu miaka ya 1950, enzi za Mwingereza. Inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi, kumsafirisha kwa namna inayomtesa bila sababu. Kuku anayening'inia kwenye usukani yumo ndani ya sheria hiyo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kujali. Tenga la kuku sote tunalijua, bibi zetu walilibeba kichwani. Mwenyekiti wa steji ya boda boda mnamjua kwa jina. Mkikubaliana na steji moja, hata hapo Busia penyewe ambapo kuku wanavushwa kila siku, kwamba hakuna kuku atakayepanda pikipiki kichwa chini, ninyi mkatafuta fedha za matenga kumi ya kuanzia, mtakuwa mmefanya kitu ambacho kuku atakihisi mwilini mwake. Hakina wapiga picha, najua.

Kaka yako na maneno yake ya wazungu nitayapitia haraka. Wahima, wafugaji wa Ankole huko magharibi mwa Uganda, wanamwita kila ng'ombe kwa jina lake na wanamtungia mashairi ya sifa. Hawakufundishwa na mgeni. Katika dini yenu, Mtume aliagiza mwenye kuchinja anoe kisu chake vizuri na ampumzishe mnyama, na alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu mbele ya mnyama anayemtazama. Mambo hayo yana zaidi ya miaka 1,400. Ila usije ukanogewa ukaitaja na ile miiko ya kale ya Buganda iliyowakataza wanawake kula kuku na mayai. Hiyo ilikuwa dhuluma kwa wanawake, kuku hakufaidika na lolote. Na usimlaumu mama yeyote anayempa mtoto wake yai. Nchi yetu bado ina watoto wengi waliodumaa, na yai moja kwa mtoto wa namna hiyo ni jambo kubwa.

Tuje nyumbani sasa, kwa kuwa huko ndiko kazi iliko.

Nenda Busia. Usipige simu tena. Mtu aliyeumizwa kwa simu haponywi kwa simu. Ukifika, msamaha uje kwanza, na uwe wa kile ulichokosea: kwamba ulimrekodi bila kumwambia na ukamfikisha sokoni. Usiombe msamaha kwa kuwaonea kuku huruma, sababu hiyo itakuwa uongo na yeye atajua. Kisha nyamaza. Akae na hasira yake siku moja, siku mbili. Ana haki nayo.

Akishakuwa tayari kuzungumza, mwombe daftari la mkopo. Uliza limebaki kiasi gani. Nina hakika hujawahi kuliona. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na wafugaji wengi humuuza akifika kama wiki 75 au 80, mayai yanapopungua. Kama kundi hili lilianza Juni, basi mama yako atalibadilisha Agosti au hapo karibu. Agosti ndiyo siku yako. Hakuna sababu ya kumwambia ang'oe chochote kesho asubuhi; mwombe kundi lijalo, au hata sehemu ya kundi lijalo, lifugwe chini kwenye matandazo.

Chukua kamba mpime banda. Kufuga chini kunataka mita moja ya mraba kwa kuku watano au sita. Wale 384 wangetaka kama mita 64, na sidhani anazo. Kuku 200 wangetosha kwenye mita 34. Viota, kimoja kwa kila kuku saba. Fito za kulalia, sentimita 15 kwa kila kuku. Matandazo hayana shida upande wenu: maganda ya mpunga yapo Butaleja kwenye mashamba ya Doho, na maganda ya kahawa utayapata Mbale kwenye viwanda vya kukoboa. Uyaulize bei mwenyewe kabla hujamfikia mama, usimpe kazi nyingine ya kutafuta.

Sitakuficha ubaya wake. Kuku wa chini anachafua mayai. Matandazo yakilowa yanatoa hewa inayowasha macho, ya kuku na ya mtu, na kuhara damu huingia hapo. Kwa hiyo lazima yageuzwe mara kwa mara, na mtu wa kugeuza awepo. Kuku 200 hawatoi mayai ya kuku 384. Mama yako aliletewa vizimba kwa sababu vilimpunguzia kazi, na yeye yuko peke yake. Ukimwambia avitoe, lazima useme ni nani atakayeshika reki. Wewe una likizo ndefu kila mwaka. Kaka yako mwenye maneno mengi naye ana mikono. Na mwezi ambao mapato yatapungua, je, uko tayari kuishi Kampala kwa fedha kidogo zaidi? Mwambie hilo kwa kinywa chako, ataamini kwamba hukuja na maneno ya mkutanoni.

Vizimba vyenyewe vinanisumbua. Akiviuza apunguze deni, vitakwenda kwa mwingine na kuku wengine watawekwa humo. Akivibomoa, waya unafaa kuziba madirisha ya banda vicheche wasiingie, lakini deni halilipwi kwa madirisha. Nimelifikiria siku tatu na sijapata njia ambayo haina mtu anayeumia. Mkae wawili mlizungumze, na uamuzi uwe wa mwenye deni.

Umeniuliza juu ya mkeka wa Idi. Kutokula nyama ni haki yako, ila mama asiligundue sahani ikiwa mbele ya wageni. Mwambie mapema, na siku hiyo uingie jikoni wewe upike kunde kwa mchuzi wa karanga za kutosha kila mtu, watu wale wakipenda. Kama kuna mbuzi atakayechinjwa, usijifungie chumbani. Omba wewe ndiye umwangalie tangu anapoletwa. Asifungwe juani tangu alfajiri. Apate maji. Kisu kinolewe mbali naye. Hayo yanaagizwa na dini yenyewe na mara nyingi hakuna anayeyasimamia, maana kila mtu yuko mbioni na sufuria.

Panda basi la asubuhi. Ukifika Busia kabla ya saa kumi utamkuta bandani anakusanya mayai. Najua Desemba ulishindwa. Safari hii chukua trei, ushike safu ya upande wa pili, na yule mwenye ukucha unaonasa ukimwona, mnasue.

Shangazi